Rupia Iliyozaliwa na Pengo

Fabrice, Yvette, naandika haya mara moja ili msinitumie tena picha. Nimestaafu tangu mvua za kwanza, nikawaachia ninyi duka la sarafu, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Asubuhi niko jikoni hapa Ngagara nachambua maharage, simu inalia. Picha ya sarafu, imepigwa gizani, nusu yake ni kidole cha mpiga picha. Chini mmeandika: “Mama Générose, hii ni kosa la kiwanda ao imeharibika?” Mimi nitajuaje? Ninachokiona ni ukucha, na ukucha wenyewe mchafu.

Basi someni, halafu mniache nipike. Nitawaambia nilivyojifunza kazi hii, ni nani alinifundisha, na ni watu gani karibu wanitoe roho. Kuna jambo moja hasa nataka mlijue kabla harusi moja haijafika, lakini hilo lina mahali pake na nitalifikia. Mshahara sitauzungumzia, maana haukuwa mkubwa wa kutosha kuzungumziwa. Vyeo navyo havikuwepo. Kulikuwa na Mzee Nasoro, kisha mimi, kisha paka.

Kabla ya duka la Mzee Nasoro nilikuwa nauza dawa Nyakabiga, mahali ambapo kila mteja ni mgonjwa na kila mteja anaijua dawa yake kuliko wewe. Nilidhani sarafu zitanipa amani. Sarafu haziumwi, nilijiambia. Kumbe zinaumwa, na wenye nazo wanaumwa zaidi.

Mzee Nasoro mnamjua kwa picha tu, ile iliyo juu ya kabati la saa. Alikuwa wa familia ya Kiarabu iliyotoka Oman zamani, ikapitia Ujiji, ikafika hapa ziwani kuuza nguo na chumvi, ikabaki. Alikuwa na hasira za karibu, zinazoisha kabla chai haijapoa. Siku yangu ya kwanza alitandika kile kitambaa cha kijani kwenye kaunta, akaweka sarafu mbili. Zote mbili zilikuwa na mstari unaokatiza uso.

“Moja ilizaliwa mugonjwa,” akasema. “Ingine ilipigwa mu njia. Sema ni ipi.”

Nikaangalia nikachagua ile mbaya zaidi. Hakunicheka.

“We unaangalia ubaya. Ubaya hausemi kitu. Uliza chuma kimekwenda wapi.”

Swali hilo ndilo kazi yote. Pesa ya chuma inazaliwa kwa kupigwa: kipande cha duara kisicho na picha kinawekwa kati ya mihuri miwili migumu, inakutana, basi, sarafu imezaliwa. Kama muhuri una ufa, chuma laini kinaingia kwenye ufa huo, na kwenye sarafu utaona mstari umesimama juu ya uso. Lakini mtoto akikwaruza sarafu kwa msumari, mstari unazama, na chuma kilichokuwa pale kinasukumwa pembeni, kinalala kama udongo kando ya jembe. Kilichosimama sarafu ilizaliwa nacho. Kilichozama ilikipata duniani. Si kila mara, najua, msianze kuniandikia. Lakini mkianza hapo hamtapotea mbali.

Vyombo vyetu mnavijua: lupu ya kukuzia, mizani ndogo, taa ya shingo ndefu, na siku umeme umekatika, dirisha la upande wa mashariki hadi saa nne. Chombo ambacho hamkitumii ni ukucha. Mzee Nasoro alikata kucha zote akaacha wa kidole gumba, na kwa ukucha huo alizunguka ukingo wa kila sarafu kabla hajavaa miwani. Alisema jicho linapenda kudanganywa, ukucha hauna tamaa. Yvette, najua wewe unapaka rangi. Acha mmoja.

Wateja wa miaka ya kwanza walikuwa na adabu. Walikuja kuuza kweli, au kuuliza kweli, na ukiwaambia hapana walishukuru wakaenda. Hata hivyo wasumbufu walikuwepo. Nakumbuka bwana mmoja wa Kigobe, mtaa wa matajiri, suti nzuri, alinifungulia kitambaa cha hariri. Ndani yake ilikuwa franga moja, ile nyepesi ya aluminium, yenye tundu katikati.

“Mama, hii ni kosa kubwa sana. Mashini ilitoboa.”

“Uliipata wapi, bwana?”

“Mu plafond. Tulikuwa tunabadilisha mabati.”

Nikageuza. Upande mmoja chuma kimeinama kuingia ndani ya tundu, upande wa pili kimechomoza na meno. Zamani mafundi wa mabati, wakikosa rondelle, vile visahani vya chuma vyenye tundu vya kuweka chini ya msumari, waliweka franga moja, kwa sababu rondelle iliuzwa zaidi ya franga moja. Nusu ya paa za mji huu zimeshikwa na pesa ya serikali. Nikamtolea sarafu ya zamani ya Congo ya Wabelgiji, ile iliyotengenezwa na tundu lake. Nikamwonyesha jinsi tundu la kiwandani lilivyo na ukingo safi pande zote, na maandishi yamepangwa kulizunguka kama watu waliokaa kuota moto. Msumari hauna adabu hiyo, unapita katikati ya herufi.

“Donc iko na bei gani?” akauliza.

“Bei ya rondelle. Iliyotumika.”

Hakurudi.

Halafu zikaja simu, na ndani ya simu zikaja video. Sijui ni nani huko duniani anayekaa mbele ya kamera akiwaambia watu kwamba sarafu yenye kasoro inanunua nyumba, lakini siku nikikutana naye tutazungumza. Kuanzia hapo walikuja na franga tano zilizokanyagwa na malori, zilizokaangwa, zilizolala kwenye asidi ya betri hadi zikawa nyembamba kama jani. Fundi mmoja alileta sarafu mbili alizozibana pamoja kwenye etau, lile jiliwa la mezani la kubania chuma, mpaka kila moja ikaacha picha yake, imegeuka, juu ya mwenzake. Akaapa kwamba zilizaliwa mapacha. Nikamwonyesha kwamba picha ya kigeni imelala juu ya picha ya zamani, ambayo bado inaonekana chini yake. Chuma hakiwezi kuchapwa na mwenzake kabla ya kuzaliwa halafu kikawa na uso wake mzima. Akasema mimi sijasoma. Mwalimu mmoja wa sekondari alinikasirikia hata akagonga kaunta: “Mama, we uko na wivu!” Wivu wa nini, jamani? Wa franga iliyokanyagwa na lori?

Lakini yote haya nilivumilia. Kilichonichosha hadi mifupa ni kuosha. Kwetu hapa humpelekei mtu wa heshima kitu kichafu, mama zetu walitufundisha hivyo, na ni jambo zuri kwa sufuria na kwa watoto. Lakini mtu akipata sarafu ya kweli, yenye rangi yake ya miaka, yenye kila alama ya kutusomesha, jioni kabla ya kuja dukani anaisugua. Ndimu na majivu. Mchanga wa ziwani. Dawa ya meno. Kadiri anavyokuheshimu ndivyo anavyosugua. Heshima imeua sarafu nyingi kuliko kutu. Na huwezi kumgombeza, kwa maana amekuja anatabasamu, anakupa kitu kinachong'aa, anangoja umsifu.

Sasa nafika kwenye rupia ya Bi Saada.

Bi Saada ni wa mtaa wa Buyenzi, mama wa watoto wengi, mwanamke wa sauti kubwa na mkono mkunjufu. Katika ukoo wao kuna rupia moja ya fedha ya wakati wa Wajerumani, ile yenye bwana aliyevaa kofia ya chuma na ndege juu yake. Kila anapooa kijana wa kwanza wa ukoo, rupia hiyo inakwenda kwa bibi harusi pamoja na mahari. Bibi harusi anaitunza mpaka mwanawe wa kwanza aoe, ndipo anaitoa. Bi Saada aliipokea hivyo, na mama mkwe wake kabla yake. Na kwa muda wote huo rupia ilikuwa na pengo: mahali pamoja kwenye ukingo palikosekana kipande, kwa umbo la mviringo, kama mtu aliyeng'ata biskuti. Hakuna aliyejali. Ilikuwa rupia yao.

Mwanawe wa kwanza alipotaka kumwoa binti anayeitwa Salma, sinia la mahari likapelekwa nyumbani kwa Bwana Hemedi. Huyu alikuwa baba mkubwa wa Salma, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa maneno machache. Baba wa Salma alikuwa amefariki binti angali mdogo, na Hemedi ndiye aliyemlea na ndiye aliyekuwa walii wake wa kumwozesha. Akafunua sinia, akainua rupia, akaona pengo. Pengo lenyewe lilikuwa linang'aa, jipya, lina mikwaruzo ya tupa. Akafunika sinia akalirudisha.

“Mutu anayekata mahari leo,” alisema mbele ya watu, “kesho atamukatia mutoto wetu chakula.”

Maneno hayo yalizunguka Buyenzi yote kabla ya sala ya alasiri. Nikaha ilikuwa Ijumaa. Mbuzi walikuwa wamekwisha nunuliwa, wageni wa Uvira walikuwa njiani, na Bi Saada analia uani kwamba ukoo wake umeitwa wezi. Wangeweza kuleta rupia nyingine, mtasema. Ndivyo nilivyosema mimi. Lakini Hemedi hakutaka nyingine. Alitaka kujua kama anawapa mtoto watu waliokata fedha ya mahari, na kama ni hao, basi hata sinia la dhahabu lisingemsaidia.

Pande zote mbili zilimheshimu Mzee Nasoro, kwa hiyo wakaja dukani wote kwa pamoja. Hemedi na ndugu yake mmoja walisimama upande huu, Bi Saada na dada zake upande ule. Salma mwenyewe alikaa kwenye kiti cha mlangoni, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Paka aliondoka.

Wakati huo macho ya Mzee Nasoro yalikuwa yameingia ukungu. Alichukua rupia, akaizungusha polepole chini ya ukucha. Mahali fulani ukucha ukasita. Akaurudisha, ukapita tena. Nikamwona anatabasamu kwenye ndevu kwa namna niliyoijua. Halafu akanipa mimi.

“Angalia, Générose. Halafu useme.”

Hemedi akakohoa. “Mzee, na heshima yote. Hili jambo ni la nikaha. Mutu anakuja na shahidi mwanamuke mumoja, tena wa kanisani?”

“Sikukuitia shahidi,” Mzee akasema. “Nimekuitia macho.”

“Basi asiseme. Aonyeshe.”

Nilikasirika, sitaficha. Lakini nikiwa mkweli, hakuna neno bora lililowahi kusemwa kwenye kaunta ile: asiseme, aonyeshe. Wekeni hilo moyoni.

Nikaweka rupia chini ya lupu. Mahali pa kwanza pa kuangalia ni kwenye pengo lenyewe. Mara nyingine kiwandani, mashine inayokata vile vipande vya duara inakatia mahali palipokwisha katwa, na kipande kinazaliwa kimepungua. Kikipigwa muhuri, herufi zilizo karibu na pengo zinavutika kuelekea kule kusiko na kitu, zinalegea na kufifia. Lakini mtu akikata sarafu iliyokwisha kupigwa, herufi zinakatwa papo hapo, kama mkate kwa kisu. Ni jambo la kuona mara moja. Nikaangalia herufi za karibu na pengo, na hakukuwa na herufi. Kulikuwa na mistari ya tupa na mng'ao wa majivu.

Nikainua kichwa. “Bi Saada, umefanya nini hapa?”

“Mi? Apana kitu.”

“Bi Saada.”

“Nilipeleka kwa fundi alainishe kidogo tu! Ilikuwa inakwaruza. Na nikaiosha na ndimu. Mutu anapeleka mahari chafu?”

“Mumesikia!” Hemedi akapiga kaunta. “Amekubali mwenyewe!”

“Sikukubali kitu! Nimesema kulainisha!”

Dada zake wakaanza kusema wote kwa wakati mmoja, ndugu wa Hemedi naye akajibu, na mimi nimeshika lupu natamani kulia. Wiki moja kabla, jibu lilikuwa limeandikwa pale, wazi, kwa herufi za Mjerumani. Mwanamke huyu alilifuta kwa mkono wake kwa sababu anawaheshimu wakwe. Alijifutia utetezi wake mwenyewe! Nilitaka kumshika mabega nimtikise.

Mzee Nasoro aligonga kaunta kwa ukucha wa kidole gumba, mara mbili, na ndipo nikaelewa tabasamu lile. Nikaigeuza rupia. Nikaacha pengo, nikaangalia ukingo wa upande wa pili, ulioelekeana nalo.

Hapo ukingo ulikuwa umelala. Mahali pengine pote ulisimama, lakini pale, sawasawa mkabala na pengo, ulikuwa umefifia kama haukumaliziwa.

Nikachukua rupia nyingine, nzima, kutoka kwenye trei. Nikamwomba Hemedi azungushe ukucha wake juu ya ukingo. Ukakwama pande zote. Nikampa ile ya Bi Saada. Akazungusha, akazungusha, na mkabala na pengo ukucha ukateleza. Akarudia. Akarudia tena, uso umekunjamana, kama mtu anayetafuta mshono uliopotea kwenye kitambaa chake.

“Kwa nini?” akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha mimi.

“Baba, nyumbani mnakamuaje blanketi?”

“Watu wawili. Huyu anasokota huku, huyu anasokota huku.”

“Mmoja akiachia?”

“Hata yule mwingine hakamui kitu.”

“Ukingo unainuliwa kabla picha haijapigwa. Kipande kinabanwa pande mbili kwa wakati mmoja. Upande huu palikuwa na pengo, mashine haikupata cha kubana, kwa hiyo hata upande wa pili haukubanwa. Kama pengo lingekatwa baadaye, huku ukingo ungekuwa umesimama. Mtu anaweza kukata huku. Hawezi kulaza kule.”

Bi Saada alikuwa bado hajaelewa kama ameshinda au ameshindwa.

“Donc,” Hemedi akasema, “ni kosa la kiwanda ao wamekata?”

“Vyote viwili, baba. Pengo ilizaliwa nalo. Mikwaruzo ni ya juzi.”

Hakuna mtu duniani anayependa jibu la vyote viwili. Nimelitoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara wananiangalia kana kwamba nimekataa kujibu. Lakini ndiyo kweli ya sarafu nyingi: ina kasoro ya kuzaliwa, halafu mtu mwenye nia njema ameiongezea nyingine.

“Basi fedha imetoka kidogo,” Hemedi akang'ang'ania. “Kwa tupa.”

“Vumbi,” akasema Mzee Nasoro. “Unataka wakuletee vumbi mu sinia?”

Hemedi akaiweka rupia juu ya kitambaa cha kijani. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu mwingine. “Nilimulea, Mzee. Tangu akiwa hivi. Sitaki mutu amudanganye siku ya kwanza. Ile ndiyo naogopa.” Macho yake yalikuwa yamelowa, na mimi niliyekuwa nimemkasirikia nilijikuta namhurumia sana.

Salma akanyanyuka kwenye kiti cha mlangoni. Akaja mpaka kaunta, akaichukua rupia, akafunga kiganja.

“Baba, kama ilizaliwa hivi, si kosa yake. Mi nachukua hii.” Kisha akamgeukia mama mkwe. “Lakini mama, usiioshe tena.”

“Wallahi,” Bi Saada akasema, mkono kifuani. “Sitaigusa.”

Ijumaa nikaha ikafungwa. Jumamosi wakaniletea sinia la pilau hapa Ngagara, na majirani wangu walidhani nimesilimu.

Miaka ikapita. Mzee Nasoro alitutoka, na nilimlia kama baba. Mlikuja ninyi wawili na simu zenu. Fabrice, unakumbuka ulivyoniuliza siku ya kwanza kwa nini tusipige picha tu na kuuliza mtandao. Sijakusamehe kabisa, lakini umejitahidi.

Wiki zangu za mwisho kabla sijastaafu, siku ambayo ninyi wawili mlikuwa kwenye foleni ya mafuta, aliingia Bi Saada. Ameinama sasa, anatembelea fimbo, lakini sauti ni ile ile. Nyuma yake Salma, na mvi zake za kwanza. Mwana wa kwanza wa Salma amepata mchumba, watu wa msichana wanakaa Kigobe, ni watu wa masharti. Mahari itapelekwa baada ya Ramadhani, na rupia itakuwa ndani ya sinia. Bi Saada alitaka nione jinsi ilivyotunzwa. Akafungua kitambaa kwa fahari.

Iling'aa kama kijiko. Nikapitisha ukucha, bila hata kufikiri, upande ule ulioelekeana na pengo. Ukucha haukuteleza kama zamani. Uligusa kitu kikavu, kilichonyooshwa. Nikachukua lupu. Mistari ya tupa. Ukingo wote wa upande ule, ule uliolala, shahidi wetu wa pekee, ulikuwa umesagwa.

“Bi Saada,” nikasema, “hii ni nini?”

“Ah, ile! Salma alipojifungua mutoto wa kwanza, nikaomba niiweke chini ya muto ya mutoto, kwa baraka. Nikaangalia vizuri, nikaona upande huu pengo, upande ule ukingo umelala. Mi nikasema afadhali vifanane. Nikapeleka kwa fundi yule yule. Sasa iko sawa pande zote, hakuna mutu ataleta maneno tena.” Akanitazama akisubiri nimsifu.

“Ulisema wallahi,” nikamwambia.

“Niliapa sitaiosha! Sikuiosha. Niliinyoosha.”

Salma alikuwa anaangalia sakafu. “Nilijua mwaka uliofuata, Mama Générose,” akasema taratibu. “Ningemwambia nini? Alikuwa na furaha.”

Nilikaa chini. Nimeona sarafu zikikaangwa, zikitobolewa, zikikanyagwa, na kila mara nikapata nguvu ya kusema “hapana, bwana, asante, anayefuata.” Siku ile sikupata nguvu hiyo. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja kioo, na wakati huo huo kikongwe yule alikuwa ananipa rupia yake kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mtoto ambebe. Mwisho nikasema: “Imetunzwa vizuri, Bi Saada.” Mungu anisamehe. Salma alinibana mkono wakati wa kutoka, akaubana sana.

Sasa sikilizeni. Huko Kigobe kutakuwa na mtu, atakuwepo tu, atakayeinua rupia ile kwenye sinia na kuuliza ni nani aliyeikata. Bi Saada hatakuwa na jibu isipokuwa machozi, na watakuja kwenu, kwa sababu hakuna kwingine pa kwenda. Mtaweka kitambaa cha kijani. Mtauliza chuma kimekwenda wapi, na jibu litakuwa kwamba kimekwenda kwenye sakafu ya fundi fulani Buyenzi. Tupa huku, tupa kule. Kwa kila nilichowafundisha mtasema imeharibiwa baadaye, pande zote mbili. Na mtakuwa mmeifanya kazi yenu. Mkisema vinginevyo kwa kuiangalia sarafu peke yake, nitakuja kuwagombeza mimi mwenyewe.

Lakini msiishie hapo, na msiwaache warudishe sinia. Kijana wa Salma hana kosa, na msichana hana kosa. Bwana Hemedi alikataa neno langu akataka kuonyeshwa, nikamwonyesha. Sasa cha kuonyesha hakipo tena. Limebaki neno la mwanamke mmoja, tena wa kanisani. Waambieni aliyeuona ukingo ule kabla ya tupa yuko Ngagara, anachambua maharage, macho yake ni mazima, na atawaeleza habari ya blanketi mara nyingi kadiri wanavyotaka. Ilizaliwa hivyo. Niliiona.

Waje tu, hata bila kupiga simu. Ila wasichelewe sana, maana mimi si chuma.